Mshenga Aliyesalimiwa Kupita Kiasi

Mimi ni shangazi mbaya. Shangazi wa kwetu anatakiwa ajue kumfunda binti wa kaka yake, ajue kuonja pombe ya ndizi na kusema imeiva au bado, na awe na ndoa iliyosimama ili aionyeshe kwa kidole. Mimi nina shahada mbili, makala ninazoandika siku za mapumziko ambazo huko kwetu Kagerankanda hutumika kufungia sukari, na ndoa iliyokufa kifo cha kawaida bila mtu wa kulaumiwa. Binti wa kaka yangu alipopata mchumba, ukoo ulinipa kazi hiyo kwa sababu hakukuwa na shangazi mwingine aliye hai.

Binti mwenyewe ni fundi cherehani sokoni Kasulu, mjini ninakofundisha. Siku ya kwanza nilipokwenda kumfunda nilimkuta ameuma pini midomoni, gauni la mteja limemfunika mapajani, na vitenge alivyonunua kwa mama mmoja Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu vimerundikwa juu ya kiti nilichotegemea kukalia.

"Shangazi," alisema akitoa pini moja moja, "wewe usinifundishe. Niambie tu ulipokosea, nipakwepe."

"Ni pengi."

"Nina muda. Gauni hili lina marinda mengi."

Nikakaa juu ya vitenge. Kibanda cha pili kulikuwa na fundi wa suti, mwanamume mnene mpole mwenye redio isiyozimwa tangu anaponunua betri mpaka zinapokufa. Siku hiyo wasikilizaji walikuwa wanapiga simu kujadili watu wanaotiwa hatiani kwa kudhalilisha watoto na wanawake, na kama sheria iongezwe makali. Mmoja alitaka wafungwe maisha. Mwingine alitaka wahasiwe. Wa tatu alitaka vyote viwili, kwa mpangilio aliotaka yeye. Fundi wa suti aliwaunga mkono wote, akitikisa kichwa kila mara kama mtu anayekubali vipimo.

Mimi msomi siwezi kukaa karibu na mjadala bila kuuingilia. Nikaeleza kwamba zipo nchi ambako mtu wa namna hiyo akimaliza kifungo haachwi akapotea. Jina lake huandikwa serikalini, hakaribii shule, na wengine huvalishwa bangili mguuni inayowaambia polisi alipo, saa zote.

"Inachajiwa?" aliuliza binti.

"Nadhani inachajiwa."

"Kwa umeme upi?" alidakia fundi wa suti. "Kule kwenu simu tu watu wanapeleka dukani kwenye sola na kupanga foleni."

"Basi atakwenda dukani," alisema binti. "Atasema, naomba unichajie simu na mguu."

Tukacheka wote watatu, mpaka mteja aliyekuwa akipita akaacha kupita. Kisha binti akaweka gauni pembeni, na nikajua tumefika pale ambapo marinda hayatusaidii.

Inabidi nieleze. Alipokuwa darasa la nne, binti huyu alidhalilishwa na mtoto wa baba yetu mdogo, mwanamume mzima aliyekuwa akila kwetu kama kwao. Sitasema alifanya nini. Habari hiyo ni ya binti, naye aliisimulia mara moja, mahali ilipotakiwa. Kwetu mambo kama hayo yalikuwa na njia yake ya kumalizwa nyumbani. Hutafutwa mbuzi, hupikwa pombe, wazee huzungumza vizuri, na mwisho mtoto huambiwa amwamkie yule yule, maana kwa ukoo ni baba yake. Lakini wazee wakiwa bado wanajadili mbuzi wa nani, mke wa kaka yangu alishampakia mtoto kwenye baiskeli na kumfikisha polisi Kasulu, kwenye dawati la jinsia. Kesi ikasikilizwa. Mama yangu, bibi yake, alimlaza mtoto kitandani kwake mpaka hukumu ilipotoka, na baada ya hukumu aliendelea kumlaza kwa sababu walikuwa wamezoeana.

Watu wote wanaijua ile miaka thelathini jela ya sheria yetu. Lakini makosa haya yana madaraja, na kwa lile alilotiwa hatiani mahakamani yule bwana alipata kifungo kifupi kuliko hicho. Alikitumikia, akatoka, na bila kupita nyumbani akaelekea Tabora kwenye mashamba ya tumbaku. Sheria ilimsindikiza mpaka mlango wa gereza, ikarudi kuendelea na kazi zake.

Sasa tumbaku ilikuwa imemshinda, na baba mdogo alikuwa ametangaza kwamba mwanawe anarudi nyumbani kabla ya sendofu.

Na sendofu kwetu, kabla haijapata jina hilo na keki yake, ni siku ambayo binti anapiga magoti uani na baba zake wote wa ukoo wanapita mmoja mmoja, kila mmoja anaweka mkono kichwani mwake. Baba zake wote, maana yake kaka yangu na kila mwanamume wa rika lake katika ukoo, wakitanguliwa na mzee mkubwa kuliko wote. Akikosekana mmoja aliye hai na mwenye miguu, wazee wanasema binti ameagwa nusu.

"Mimi miaka yake sikuwahi kuihesabu," alisema binti. "Waongeze, wapunguze, ni yake na serikali. Mimi nataka nijue yuko wapi ninapokuwa kwetu. Na mkono wake usifike kichwani mwangu. Kama ni lazima awepo, mniage hapa Kasulu, ukumbini. Nimeshauliza, wana nafasi."

"Na bibi yako?"

Alichukua pini akairudisha mdomoni. Mama yangu miguu ilishamwacha, na ile barabara ya kuja Kasulu isingemfikisha akiwa na hali ya kusherehekea kitu. Kuagwa ukumbini maana yake ni kuagwa bila bibi. Kuagwa nyumbani maana yake ni kuagwa chini ya ule mkono. Nilirudi kwangu jioni hiyo nikiwa sijafunda chochote.

Kikao kilifanyika uani kwa mama, baada ya maharage kuvunwa. Alikuwepo kaka yangu, ambaye katika vikao huangalia vidole vyake vya miguu. Alikuwepo baba mdogo, mkubwa wetu sote sasa, amevaa koti lake la kanisani. Walikuwepo wazee wengine wa ukoo. Mama yangu alilala mkekani karibu na mlango, na watu walimdhania amesinzia. Na alikuwepo mwenyekiti wa kitongoji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, anayepika pombe ya ndizi nzuri kuliko zote kwenye mteremko wetu. Hilo la pombe ndilo lililompa kura nyingi, ingawa yeye husema ni sera.

Nilipewa nafasi ya kwanza kwa sababu ya shahada. Nikasimama. Kwetu mtu hasimami kwenye kikao cha ukoo, husimama kwenye mazishi, na niliona wazee wawili wakitazamana. Nikaendelea hivyo hivyo. Nikaeleza sheria yetu inasema nini na inanyamazia nini. Nikaeleza madaftari ya nchi za mbali, umbali kutoka shuleni, bangili. Nilitumia neno "mfumo" mara nyingi kuliko alivyowahi kulitumia mtu yeyote uani pale.

Nilipomaliza, baba mdogo aliuliza taratibu, "Hiyo serikali ya huko, inamjua mtu kuliko baba yake anavyomjua?"

"Baba," nikasema, "wakati ule wewe ulikuwa unamjua."

Sikuwa nimekusudia kumchoma, au labda nilikusudia.

Mwenyekiti akaingilia. "Mwalimu, hiyo mashine ya mguuni inafanya nini hasa? Tuambie kwa kifupi, pombe inapoa."

"Inawaambia polisi mtu anatoka wapi, anakwenda wapi, na yuko wapi sasa hivi."

Kisha mzee mmoja akaanza kucheka kwa pua, akafuata wa pili, na kabla sijakaa, uani pote walikuwa wanacheka, na mimi wa mwisho kuelewa, kama kawaida ya wenye shahada mbili.

Maana kwetu hapiti mtu. Msomaji wa Dar es Salaam atadhani ninatia chumvi. Kwetu ukimkuta mtu mbele ya nyumba yake mnasimama, mnainama kidogo, mnapiga makofi polepole, na mnaulizana amakuru, habari zote. Nyumba, watoto, mbuzi, muhogo, mguu uliokuwa unauma. Kisha unatoka wapi, umebeba nini, unakwenda kwa nani, na ukimkosa utarudi kwa njia ipi. Mnapiga makofi tena, unapiga hatua, unafika nyumba ya pili, mnaanza upya. Nilipokuwa chuo kikuu na kurudi likizo, nilikuwa nazunguka nyuma ya migomba ili kuyakwepa maswali hayo. Niliwahi kuyaandikia makala, nikayaita kikwazo cha maendeleo.

"Tatizo letu ni uvivu," alisema mwenyekiti. "Siku hizi mtu anapita na bodaboda anapunga mkono, nasi tunapunga. Kuanzia sasa hakuna kupunga."

Akapanga mambo kwa kuyasema, na watu wakayakubali moja moja. Yule bwana hatalala kwa baba yake, kwa sababu nyumba ile iko kwenye njia ya shule. Atakaa bondeni kwenye shamba la muhogo. Asubuhi, watoto wanapochota maji, hataonekana kisimani. Kila mwezi atakwenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji. Mwalimu mkuu ataambiwa, na kila nyumba itaambiwa ni kwa nini, tena si kwa minong'ono. Na popote atakapopita atasalimiwa salamu nzima.

"Na atakayemrushia jiwe," aliongeza, "huyo nitampeleka Kasulu mimi mwenyewe, nimemshika sikio. Tunamsalimia. Hatumpigi."

"Mwanangu alifungwa akamaliza," alisema baba mdogo. "Sasa mnamfunga tena kwa makofi."

Sauti ilitoka mkekani. Mama hakufumbua macho. "Alimaliza cha serikali. Cha mjukuu wangu atakimaliza mjukuu wangu, siku akitaka."

"Na mkono wa baraka? Mtamuaga binti nusu?"

Baba mdogo aliinuka, akavuta koti lake, akaondoka akiacha pombe kwenye kibuyu. Kwetu hilo ni jambo zito. Kaka yangu aliendelea kutazama vidole vyake, kisha, baada ya muda wa heshima, akaimalizia ile pombe.

Yule bwana alirudi. Nilimwona mara moja tu, nilipokwenda kumwangalia mama. Alikuwa amekonda na nywele zimeingia mvi, anakwenda dukani kununua chumvi, na nilikunywa chai yangu yote huku nikimwona kwa mbali akihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, makofi baada ya makofi. Alijibu kila kitu kwa sauti ndogo. Sikujua nihisi nini, nikaongeza sukari.

Binti nilipompigia simu kumweleza hayo, hakuvutiwa.

"Ni maneno mazuri, shangazi. Ya kikao. Baada ya wiki mbili watachoka, watarudi kupunga mkono. Ukumbi bado nimeushikilia."

"Hutaki hata kuja kuona?"

"Nitaamini siku nikiona."

Nimeandika vya kutosha kuhusu maazimio ya vikao, na mengi yamezikwa pamoja na kikao chenyewe.

Kisha akaja mshenga.

Mchumba ni mwalimu wa Kibondo, kijana mtaratibu ambaye hata kuchelewa huchelewa kwa adabu. Mshenga wake alikuwa baba yake mkubwa, mtumishi mstaafu, kaunda suti iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, mkoba wa ngozi, fimbo. Alitumwa kwetu kupanga siku na kujua ni watu wangapi watapokelewa. Bodaboda ilimfikisha chini ya mteremko, naye akaamua kupanda kwa miguu, kwa sababu mtu mzima hafiki ukweni akiwa na vumbi la pikipiki mgongoni. Akamlipa kijana, akamwacha aende. Hakuna mtu wa mteremko ule aliyewahi kumwona.

Mimi na binti tulikuwa kibandani Kasulu tukijaribisha gauni la sendofu, ambalo alikuwa amelishona mwenyewe na ambalo mimi nilikuwa nalishikilia vibaya. Jioni, jua likiwa bado juu ya mabati ya soko, mshenga akatokea njiani kurudi Kibondo. Alikaa bila kukaribishwa. Kaunda suti ilikuwa imekufa.

"Mama shangazi," alisema, "nimefanya ushenga tangu ujana wangu. Familia kama haitaki, husema. Huwa hawamchoshi mjumbe."

"Baba, kuna nini?"

"Nyumba ya kwanza wameniuliza kwangu hawajambo. Nikasema, watu wastaarabu. Wakaniuliza mkobani kuna nini. Nikasema, labda ni desturi. Nyumba ya pili natoka wapi, nakwenda kwa nani, kwa nini niko peke yangu. Nyumba ya tatu bibi mmoja amenishika mkono, akanisindikiza mpaka ya nne, akanikabidhi kama mzigo wa basi. Akasema, huyu anasema anatoka Kibondo."

Fundi wa suti alizima redio. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

"Wamekufanyia ubaya?" aliuliza binti. Alikuwa amesimama na mkasi mkononi, gauni limemwangukia begani.

"Ubaya gani? Wamenipa maji, wamenipa kiti, wamenipa ndizi mbivu. Lakini hakuna aliyeniachia njia. Na pale karibu na shule ndiyo basi kabisa. Watoto wanatoka. Mama mmoja mfupi, ana sauti kama honi ya lori, akasimama mbele yangu akaanza kuniamkia. Nikapiga makofi. Akaanza upya. Nikapiga tena. Nikijaribu kupita, ananiuliza mbuzi. Sina mbuzi, namwambia, mimi mstaafu. Akaniuliza kuku. Hakuniachia mpaka mtoto wa mwisho alipopita."

"Mpaka wa mwisho?"

"Wa mwisho kabisa. Kadogo, begi kubwa kuliko mwili, kanatembea kanakula muwa, hakana haraka. Nimepiga makofi kuliko kwaya. Tazama viganja."

Akatuonyesha viganja. Binti aliviangalia. Kisha akaweka mkasi mezani, akaegemea cherehani, akaanza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega yakitikisika, halafu kwa sauti, halafu machozi yakamtoka akayafuta kwa kipande cha kitenge kilichokuwa karibu, na kitenge chenyewe kilikuwa cha mteja. Mshenga alinitazama mimi ili nieleze. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pia, na kwa mtu wa umri wangu haipendezi.

"Baba, utusamehe," alisema binti alipopata pumzi. Akapiga magoti mbele ya yule mzee, gauni la sendofu likagusa vumbi la soko. "Hawakukukataa. Walikuwa wananitunzia njia, basi tu hawakujua ni wewe."

Akamweleza. Sikutegemea. Alimweleza kwa maneno machache na ya wazi, hapo kibandani, mzee wa ukweni ambaye angeweza kurudi Kibondo na kuvunja kila kitu. Mshenga alisikiliza akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Kumbe," alisema mwishoni. Akaangalia viganja vyake upande wa pili. "Basi yule mama anafaa kazi. Ila kwenye mbuzi amezidi."

Mchumba alikuwa anajua tangu zamani. Hilo lilikuwa mojawapo ya mambo niliyopaswa kumfunda binti, kumwambia mwenzake ukweli, naye alishalimaliza kabla sijaanza.

"Shangazi," aliniambia tulipokuwa tunafunga kibanda, "ule ukumbi waachie wengine. Naagwa nyumbani."

Hapa ndipo makala zangu huwa zinapanda mimbari, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Nataka sheria kali. Nataka kifungo kinacholingana na alichofanyiwa mtoto. Nataka sheria itoke nje ya lango la gereza pamoja na mfungwa, itembee naye. Aliyeumizwa aambiwe kabla hajakutana naye sokoni. Shule iambiwe. Awepo mtu mwenye mshahara wa kuuliza yuko wapi leo. Mteremko wetu ulifanya kwa makofi kwa sababu ulikuwa na mwanamke mmoja asiyechoka na desturi moja ambayo bado haijafa. Hapa mjini Kasulu ninakoishi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta simjui jina. Angeweza kuwa mtu yeyote. Huku hakuna anayekuuliza mbuzi.

Ulibaki mkono. Siku moja kabla ya sendofu, tukiwa uani tunachambua maharage na wanawake wanaingia na mawese na mafungu ya samaki wa migebuka, baba mdogo aliingia. Hakuwa amekanyaga pale tangu kikao. Tukapiga makofi, tukaulizana yote, mbuzi pia. Akakaa kwenye kigogo karibu na mkeka wa mama.

"Kesho sitakuwepo," alisema.

Kaka yangu aliinua macho kutoka kwenye vidole vyake. "Baba mdogo, wewe ndiye mkubwa. Mkono wako ndio unaanza."

"Anzeni na anayefuata. Mimi nitakuwa bondeni na mwanangu. Siku kama hiyo, na watu wote wako huku, wa kukaa naye ni mimi."

"Jirani anaweza," alisema mwenyekiti, aliyekuwa akichambua nasi.

"Jirani ana watoto wake wa kuchezesha." Alichukua maharage machache akayachambua, mabovu upande, mazima upande. "Nilitaka ukoo wote uwe uani mara moja kabla sijafa. Haiwezekani. Mmoja kati yao hawezi kuwepo akiwepo mwingine. Nimewaza sana nani akae nje, na mwenye haki ya kukaa uani ni yule mtoto. Kwa hiyo tutakosekana wawili. Kama ni kuagwa nusu, lawama ni kwangu."

Mama yangu alinyoosha mkono kutoka mkekani akamsukumia kibuyu. Safari hii alikunywa mpaka chini.

Siku yenyewe sitamudu kuisimulia kwa mpangilio, maana nilikuwa nakimbia. Wakwe walitoka Kibondo na kosta mbili, zikapanda mteremko kwa gia ya kwanza, na kila nyumba ikataka kuzisimamisha. Mshenga aliteremka akiwa ameficha mikono mifukoni. Mwenyekiti alimwona kwa mbali, akamwendea kwa vigelegele na wanawake wengine nyuma yake, na mzee akalazimika kuitoa mikono.

"Na kuku hawajambo?" aliuliza mwenyekiti.

"Wameangua," alisema mshenga. "Nimenunua kwa ajili yako, ili nipate la kujibu."

Mama alibebwa nje na kiti chake, amevaa kitenge alichoshonewa na mjukuu, akapiga vigelegele ambavyo havikuwa na uzee wowote ndani yake. Binti alitoka akicheza. Ana namna ya kucheza ambayo hata kwaya ya kanisa imeshindwa kuirekebisha, mabega yanatangulia na kichwa kinafuata baadaye. Na kila mgeni aliyefika kutoka chini alisalimiwa, na katika salamu wenyeji wote walitupia swali lile lile, kwa sauti ya kawaida, bila kumwangalia binti.

"Umepita bondeni?"

"Nimepita."

"Wazima?"

"Wazima wote wawili. Wanamenya muhogo."

Binti alikuwa anacheza umbali wa kusikia. Hakugeuka hata mara moja. Mabega yaliendelea kutangulia.

Nilipoitwa kutoa nasaha, nilifanya kama alivyoniomba. Niliwaambia nilipokosea katika ndoa yangu, pote, mbele ya ukoo na wakwe wa Kibondo. Walicheka kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kucheka kwa kitu nilichoandika, na mama mmoja wa Kibondo aliniuliza baadaye kama ninaweza kuja kwenye ya binti yake. Kisha binti akapiga magoti. Mikono ikapita kichwani mwake, wa kaka yangu ukichelewa kuondoka kuliko yote. Hakuna aliyesema neno "nusu".

Alasiri tukaondoka kumpeleka Kibondo. Mimi nilikaa naye kwenye gari la mbele, nimeshika mkia wa gauni lake. Tulipofika chini, pale njia ya bondeni inapoingia barabarani, baba mdogo alikuwa amesimama peke yake amevaa koti la kanisani. Alisimama upande wa pili wa barabara, mbali, kama mtu anayengoja basi la kwenda kwingine. Dereva alipunguza mwendo. Yule mzee akainama kidogo, akaanza kupiga makofi.

"Simama," alisema binti.

Aliniangalia, akaangalia njia ya bondeni. Ilikuwa tupu.

"Nimemwacha na mtendaji wa kijiji," alisema baba mdogo kutoka ng'ambo ya barabara. "Yuko kwake mpaka nirudi. Mimi sina neno, mwanangu. Nimekuja kuuliza amakuru tu, upite salama."

Binti alifungua mlango, akakusanya gauni lake bila kunisubiri nilishike, akavuka barabara. Alipiga magoti kwenye vumbi jekundu, akauchukua mkono wa yule mzee, akauweka kichwani mwake mwenyewe. Mzee alisema maneno ya Kiha ambayo sikuyasikia vizuri kwa sababu kosta ya nyuma ilikuwa inapiga honi, na mshenga alikuwa amechungulia dirishani akiwaambia wanyamaze, hamwoni watu wanasalimiana.

Aliporudi garini magoti ya gauni yalikuwa mekundu. Nikatoa kitambaa nianze kufuta, kazi pekee ya shangazi niliyokuwa nimebakiza.

"Acha, shangazi," alisema. "Litafuliwa Kibondo."